Jaji wa Safu ya Nyuma

Ukiangalia picha za bendi kubwa za jazz za miaka ya 1930, macho hukimbilia mbele. Huko ndiko aliko kiongozi, koti jeupe, nywele zimeruka, mkono hewani. Nyuma yake wamekaa wapiga saksafoni, na nyuma ya hao tarumbeta na tromboni zimeinuliwa kuelekea kwenye taa. Mpaka upekue pembeni kabisa ndipo utamwona mtu mwembamba, kasimama, kakumbatia chombo cha mbao kinachompita kimo. Huyo ndiye mpiga besi. Watu waliokuja kucheza dansi usiku ule huenda hawakumtazama hata mara moja, lakini miguu yao ilikuwa inamfuata yeye.

Katika bendi ya Cab Calloway, kwa miaka 15, mtu huyo alikuwa Milt Hinton.

Nimekuwa nikimsikiliza Hinton kwa muda mrefu, na kadiri ninavyomsikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba jazz ina deni kwake mara mbili. Alipiga besi kwa zaidi ya nusu karne katika santuri nyingi kiasi kwamba anatajwa mara kwa mara kuwa mpiga besi aliyerekodiwa kuliko wote katika muziki huo. Na pale pale alipokuwa amesimama, nyuma, ambapo hakuna aliyekuwa akimwangalia, aliwapiga picha wenzake. Alipofariki aliacha picha zipatazo 60,000. Mambo mengi tunayoyajua leo kuhusu maisha ya wanamuziki weusi wa Marekani nje ya jukwaa, namna walivyolala, walivyokula na walivyofukuzwa milangoni, tunayajua kwa sababu mpiga besi alikuwa na kamera mfukoni.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa sana chombo chenyewe. Anayehudhuria taarab asilia amekwisha kuiona besi ya kusimama, nyuma ya fidla na kanuni, ikidonolewa kwa vidole. Sisi wa bara tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunalijua zaidi gitaa la besi. Na neno jazz lenyewe lisituchanganye. Bendi zetu zilipojiita Dar es Salaam Jazz, Western Jazz au Morogoro Jazz, zilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Jazz ya Hinton ni muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, Chicago, Kansas City na Harlem. Lakini wakati wa ujana wake na huo ulikuwa muziki wa kuchezwa, na kazi ya besi ilikuwa ile ile tunayoijua: kumshikia mchezaji sakafu isimkimbie.

Besi hiyo ina nyuzi nne nene. Siku zile zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo, na hapakuwa na kipaza sauti cha kuisaidia. Fikiria tarumbeta tatu, tromboni tatu, saksafoni nne au tano, dramu, piano na gitaa, vyote vinapiga kwa nguvu ndani ya ukumbi uliojaa watu, na wewe unatakiwa usikike kwa vidole viwili. Wapiga besi waliinua nyuzi mbali na ubao ili zitoe sauti kubwa, kwa hiyo kuzikandamiza kulihitaji mkono wa fundi seremala. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka tena, mpaka ngozi ikawa sugu kama ya kisigino.

Na hiyo ni nguvu tu. Akili yake iko mahali pengine. Katika kila mapigo manne, mpiga besi anachagua sauti nne, moja baada ya nyingine, zinazomtoa kwenye kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, anayoiacha na kumfikisha kwenye ile inayokuja bila kuruka. Mpiga dramu anamsikiliza yeye ili ajue mwendo. Mpiga tarumbeta anayepiga solo anamsikiliza yeye ili ajue yuko wapi ndani ya wimbo. Akikosea, wote wanapotea, na msikilizaji hajui nani kaharibu. Asipokosea, hakuna anayesema kitu.

Milton John Hinton alizaliwa Juni 23, 1910 mjini Vicksburg, Mississippi. Bibi yake mzaa mama alizaliwa utumwani, kwenye shamba la Joe Davis, kaka wa Jefferson Davis, yule aliyekuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyopigana vita ili yabaki na watumwa wao. Baba yake aliondoka mtoto akiwa na miezi mitatu. Akalelewa na mama, bibi na mama zake wadogo katika umaskini mkubwa. Kabla hajafikisha miaka kumi alikutana njiani, bila kutarajia, na kundi la wazungu waliokuwa wamemnyonga mtu mweusi. Alikumbuka tukio hilo hadi uzeeni, na alilisimulia kila alipoulizwa kuhusu utoto wake, kwa sauti ya utulivu iliyowatisha wasikilizaji kuliko kelele.

Wajomba zake walitangulia Chicago, wakapata kazi, wakatuma nauli. Mwishoni mwa 1919 familia ikawafuata. Miezi michache kabla, ghasia za ubaguzi katika mji huo zilikuwa zimeua watu 38, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema walihamia peponi. Lakini upande wa kusini wa Chicago kijana huyu aliona kitu ambacho Vicksburg haikumwonyesha kamwe: daktari mweusi, wakili mweusi, gazeti la watu weusi, watu weusi waliovaa vizuri wakienda kazini kwao. Alisema hapo ndipo alipojua kwamba umaskini wa nyumbani kwao haukuwa umeandikwa kwenye ngozi.

Mama yake alipiga piano na kuongoza kwaya kanisani. Mwaka 1923, Milt alipotimiza miaka 13, alimpa fidla. Mpango wa mama ulikuwa mzuri. Enzi zile sinema zilikuwa hazina sauti, na kila jumba kubwa la sinema lilikuwa na okestra yake chini ya pazia. Kijana mweusi aliyejua fidla angeweza kupata kazi ya heshima kwenye majumba ya mtaani kwao, kama lile la Vendome lililokuwa na okestra ya Erskine Tate. Basi akafundishwa fidla kwa bidii. Mwaka 1927 ikaja sinema yenye sauti, okestra zikaanza kufukuzwa, na mlango ukafungwa usoni pake. Okestra za muziki wa kizungu hazikuajiri weusi. Fidla aliijua, lakini hakuwa na pa kuipigia.

Shuleni kwake, Wendell Phillips, alikuwa amejifunza pia tuba, lile baragumu kubwa linalovaliwa mwilini. Katika bendi za miaka ya 1920 tuba ndiyo iliyotoa sauti ya chini. Akawaona rafiki zake wa tarumbeta na saksafoni wanapata kazi kwenye klabu za usiku huku yeye akiuza magazeti. Akaiweka fidla kabatini. Katika santuri yake ya kwanza, iliyorekodiwa Novemba 4, 1930 na bendi ya Tiny Parham, anapiga tuba. Lakini mwendo wa muziki ulikuwa unabadilika, unakuwa mwepesi zaidi, na tuba ilikuwa nzito kwa mwendo huo. Mpigaji anahitaji pumzi, na pumzi zina mwisho. Vidole havihitaji kupumua. Besi ya nyuzi ikachukua nafasi, na Hinton, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umefunzwa nyuzi tangu utotoni, akahamia huko akiwa na miguu miwili ndani tayari.

Mkono wa kulia karibu aupoteze. Ilikuwa miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku Marekani, na vijana wengi wa Chicago walipata senti mbili tatu kwa kuipeleka kimagendo. Hinton alikuwa mmoja wao. Gari alilokuwamo likapata ajali, na kidole kimoja cha mkono wa kulia kikabaki kinaning'inia. Mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba daktari alitaka kukikata, na bosi wa genge, Al Capone, ndiye aliyesema kisikatwe. Kikashonwa. Kidole hicho kilipona, na kwa miongo mingi kiliendelea kuwa karibu na nyuzi.

Mtu aliyemfundisha kuichapa besi alikuwa Bill Johnson, mzee wa New Orleans aliyekuwa amehamia Chicago. Mtindo huo unastahili kuelezwa kwa sababu leo ni wachache wanaoujua. Uzi hauguswi tu. Unavutwa mbali na ubao kisha unaachiwa, unarudi na kugonga mbao kwa mlio mkavu, na kabla mlio haujaisha kiganja kinapiga ubao tena, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mtu mmoja anatoa sauti ya besi na ya ngoma kwa wakati mmoja. Wapiga besi wengi wa kizazi kilichofuata waliuona mtindo huu kuwa wa kizamani wakaacha. Hinton hakuuacha. Akiwa na miaka 80 bado alikuwa akiufundisha kwa vijana, kiganja kikienda haraka kuliko jicho.

Kuanzia 1932 alifanya kazi na Eddie South, mpiga fidla mweusi aliyesoma muziki mpaka Ulaya, ambaye naye okestra kubwa za nchi yake zisingemfungulia mlango. Sijui kama kuna shule bora kwa mpiga besi kuliko kusimama nyuma ya mtu wa namna hiyo kila usiku. Sikio la Hinton kwa sauti safi, nyuzi zisizopanda wala kushuka hata kidogo, naamini lilinolewa hapo.

Mwaka 1936 Cab Calloway alipita Chicago na bendi yake. Calloway alikuwa nyota mkubwa. Wimbo wake "Minnie the Moocher" wa 1931 ulikuwa unajulikana nchi nzima. Mpiga besi wake, Al Morgan, alikuwa amebaki California. Calloway akaenda kwenye klabu ambako Hinton alikuwa akipiga na mpiga dramu Zutty Singleton, akasikiliza, akamwomba Singleton amwachie kijana. Asubuhi yake Hinton alikuwa stesheni. Ilikuwa kazi ya muda, mpaka bendi ifike New York ipate mpiga besi wa kweli.

Hadithi ya usiku wake wa kwanza jukwaani aliipenda sana. Walimvika suti ya Morgan, jitu la watu, na mikono ikamfunika mpaka vidole. Calloway, bila kumwonya, akaita "Reefer Man", wimbo unaoanza na besi peke yake. Hinton hakuujua. Mpiga piano, Benny Payne, akamnong'oneza aanze kuchapa kwenye F na aendelee tu. Akachapa. Akaendelea kuchapa. Watu wakashangilia, Calloway akaacha aendelee, na kijana akachapa kila alichofundishwa na Bill Johnson mpaka nguvu zikamwisha na akaonekana kama anaanguka. Payne akamwambia ajiangushe nyuma, yeye atamdaka, na umati ukadhani ni sehemu ya onyesho. Mpiga besi wa kweli hakutafutwa tena.

New York bendi ilipiga Cotton Club, ambayo mwaka huo ilihama kutoka Harlem kwenda Broadway. Wasanii weusi, wateja wazungu. Sheria ya nyumba ndiyo hiyo. Baada ya hapo ni barabara, miezi na miezi, mji leo, mji kesho. Calloway alikuwa na uwezo wa kukodi behewa zima la treni kwa ajili ya wanamuziki wake, na alifanya hivyo ili wasidhalilishwe kila wanapotafuta mahali pa kulala. Behewa hilo ndilo lililokuwa nyumba yao. Lakini behewa halina jiko la kutosha wala halifuati mtu mpaka mjini. Wakishuka Kusini, milango ilikuwa miwili: wa wazungu na wa weusi.

Kamera aliipata kama zawadi ya kuzaliwa mwaka 1935, na ndani ya behewa la Calloway ikageuka tabia. Tazama anachokipiga. Jitu la tarumbeta limelala mdomo wazi kwenye kiti, kofia imemwangukia. Watu wanacheza karata. Mtu ananyolewa. Atlanta, 1940, wenzake wamesimama stesheni, suti safi, viatu vinang'aa, chini ya kibao kinachosema huu ni mlango wa weusi. Hawalii wala hawainui ngumi. Wanasubiri treni, kama watu wengine wote wanavyosubiri treni. Mpiga picha wa gazeti angetaka kitu kikubwa zaidi. Hinton alikuwa mmoja wao, alijua kwamba kibao chenyewe kinatosha.

Mwaka 1939 alikwenda Chicago kumzika bibi yake, yule aliyezaliwa utumwani, na kwenye msiba huo akakutana na Mona Clayton, aliyekuwa akiimba kwenye kwaya ya mama yake. Walioana, na hawakuachana tena mpaka kifo. Mona alisafiri na bendi. Akishuka mji mgeni, yeye ndiye aliyekwenda kwenye mitaa ya weusi kugonga milango, kuuliza nani ana chumba, nani atapika. Wanaume wenye majina makubwa walipata kitanda kwa sababu ya mke wa mpiga besi.

Mwaka huo huo bendi ilimpokea mpiga tarumbeta mwenye miaka 21, Dizzy Gillespie. Huyu alikuwa na sauti ngeni kichwani, kodi ambazo wazee waliziona makosa. Kati ya onyesho na onyesho, Cotton Club, alikuwa akimchukua Hinton wakapanda ngazi nyembamba ya kujizungusha mpaka juu ya paa. Gillespie alimsaidia kuibeba besi. Huko, baridi ikivuma, alimwonyesha Hinton kodi mpya, sauti ipi ya besi ikae chini yake, na wakarudia mpaka wakasikia kengele ya kuitwa jukwaani. Muziki uliokuja kuitwa bibop, ulioigeuza jazz yote juu chini baada ya 1945, ulijaribiwa kwanza katika mahali kadhaa, na paa lile ni mojawapo. Mwanafunzi alikuwa mkubwa kwa mwalimu kwa miaka saba. Hinton hakuona aibu, na mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko solo zake zote.

Solo yenyewe ilikuja Agosti 1939, "Pluckin' the Bass". Bendi nzima inanyamaza mara kwa mara ili besi isikike, jambo lililokuwa nadra kwenye santuri za bendi kubwa wakati huo. Miezi michache baadaye Duke Ellington alimwajiri Jimmy Blanton, na Blanton akaifanya besi iimbe kama tarumbeta. Kila mpiga besi aliyekuja baadaye ni mtoto wake. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1942 akiwa na miaka 23. Watu huniuliza kwa nini nisimwandike Blanton, ambaye ndiye kipaji kikubwa zaidi, na hilo sibishani nalo. Lakini Blanton alipewa miaka miwili mitatu. Hinton alipewa 60, na hakuipoteza.

Muda wa Gillespie katika bendi uliishia kwa damu. Septemba 1941, mjini Hartford, mtu mmoja alirusha kipande cha karatasi kilicholoweshwa mate jukwaani wakati Hinton anapiga. Calloway akadhani ni Gillespie. Hakuwa yeye, alikuwa mwenzao katika bendi, Jonah Jones. Nyuma ya pazia maneno yakawa makali, mikono ikarushwa, Gillespie akachomoa kisu. Hinton aliusukuma mkono ule, kisu kikamkuta Calloway mguuni badala ya mahali pabaya zaidi. Gillespie akafukuzwa usiku huo huo. Mwezi uliofuata gari lililowabeba wanamuziki wa bendi lilipata ajali karibu na Conneaut, Ohio, na Chu Berry, mpiga saksafoni mkubwa na rafiki wa karibu wa Hinton, akafariki akiwa na miaka 33. Picha za Berry akiwa hai, akicheka, nyingi ni za Hinton.

Bendi kubwa zilikufa polepole. Baada ya vita, kulipa watu 16, nauli na malazi yao kukawa mzigo. Watu wakakaa nyumbani na televisheni. Mwaka 1948 Calloway alipunguza bendi yake ikawa ya watu wachache, na Hinton akabaki naye hata hivyo, mpaka 1951 pasipobaki kitu cha kubakia. Akawa na miaka 41, mke, mtoto wa kike wa miaka minne, na ujuzi ambao hapakuwa na mtu aliyeuhitaji. Alipiga popote palipopatikana. Mwaka 1953 alijiunga na Louis Armstrong kwa safari za nje, lakini safari zilikuwa ndefu, na nyumbani alikuwa na familia.

Aliyemwokoa ni mchekeshaji. Jackie Gleason, nyota wa televisheni aliyekuwa akitoa pia santuri za okestra, alimwona New York. Walijuana tangu enzi za vilabu vya usiku. Gleason akaagiza Hinton aitwe kwenye kurekodi. Wasaidizi walisita, maana studio hizo za vinanda na fidla nyingi zilikuwa za wazungu watupu. Gleason hakusita. Hinton akaingia, akasoma noti bila kukosea, kama alivyofunzwa na mwalimu wa fidla ambaye okestra zake zilikuwa zimekufa miaka 25 kabla. Mpango wa mama yake ukatimia kwa njia ambayo mama asingeweza kuibuni.

Baada ya hapo simu haikunyamaza. Kikao cha kurekodi kilichukua saa tatu, na mtu mwenye bidii aliweza kufanya vitatu kwa siku: asubuhi tangazo la sabuni, mchana mwimbaji wa pop, usiku jazz. Yeye, Osie Johnson kwenye dramu, Barry Galbraith kwenye gitaa na Hank Jones kwenye piano wakawa kikosi kilichoaminiwa kuliko kingine New York. Alimpigia Aretha Franklin alipokuwa binti anayeanza. Machi 1959 alimpigia Billie Holiday kwenye kikao chake cha mwisho cha kurekodi, na alikuwa na kamera. Picha hizo ni ngumu kuziangalia. Mwanamke aliyezijaza nyumba za watu kwa sauti yake amekaa amechoka, uso unasema yote. Miezi minne baadaye alikuwa amefariki. Hinton alimpiga picha kama anavyopigwa dada, hakuna hata moja inayomwibia heshima.

Agosti 12, 1958, jarida la Esquire liliwaita wanamuziki wa jazz wakapigwe picha ya pamoja mtaa wa 126, Harlem, saa ya asubuhi ambayo wanamuziki huwa wamelala. Wakatokea 57. Picha iliyopigwa na Art Kane ikawa picha maarufu kuliko zote za jazz. Lakini Hinton naye alikuja na kamera zake, na Mona akaja na kamera ndogo ya sinema. Wakati Kane anajitahidi kuwapanga watu upande wa pili wa barabara, akina Hinton walikuwa katikati yao, wakiwanasa wakikumbatiana, wakitaniana, watu ambao hawakuonana miaka kumi. Mtengenezaji filamu Jean Bach alipotoa filamu kuhusu asubuhi hiyo mwaka 1994, uhai wake wote ulitoka kwenye ile sinema ya Mona.

Picha zenyewe zililala kwenye masanduku nyumbani kwao Queens kwa miongo mingi. Aliyezitoa ni David G. Berger, aliyekuja kwa Hinton kama kijana wa kufundishwa besi na akabaki rafiki maisha yote. Maonyesho ya kwanza yalikuwa mwaka 1981. Kitabu cha kwanza, "Bass Line", kikatoka 1988, Hinton akiwa na miaka 78. Wakati huo alikuwa amekwisha kufundisha vyuo vya Hunter na Baruch, na wanamuziki wa jiji zima walikuwa wakimwita Jaji. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ikamtunuku heshima yake ya juu kwa wanajazz.

Alifariki Desemba 19, 2000, Queens, akiwa na miaka 90. Besi zake nne ziko Chuo cha Muziki cha Oberlin, Ohio, na zinapigwa na wanafunzi.

Ukitaka kumsikia, anza na "Pluckin' the Bass", halafu uruke miaka karibu 50 mpaka "Trio Jeepy" ya Branford Marsalis, iliyorekodiwa 1988, kijana wa saksafoni wa miaka 27 na mzee wa miaka 77 wakipiga pamoja bila mmoja kumhurumia mwingine. Ila usisikilize kwenye spika ya simu. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikasikia saksafoni na dramu tu, nikadhani besi haikurekodiwa. Spika ile haina uwezo wa kutoa sauti za chini. Vaa spika za masikioni, ongeza sauti kidogo, na umtafute nyuma.